Barua Isiyo na Saini

Ndani ya faili la bluu ninamohifadhi vyeti vya shule na hati ya kiwanja kuna nakala ya barua ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa zambarau wa kituo cha polisi. Niliiandika mwaka 2013. Nilianza kwa kalamu usiku, mezani kwangu, kisha asubuhi nikaipeleka stesheneri ikachapwe, kwa sababu nilitaka ionekane ya heshima. Chini kabisa kuna saini moja tu, ya kwangu.

Mtaa wetu wa wakati ule ulikuwa njia ya malori ya mchanga na kokoto. Yalipita kuanzia alfajiri, na vumbi lake lililala juu ya kila kitu: sahani, shuka, madaftari ya wanafunzi wangu. Siku moja mtoto wa darasa la tatu aligongwa akitoka shule. Hakufa, namshukuru Mungu, ila mguu wake hauko sawa mpaka leo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuwa ameshaandika barua tatu wilayani bila kujibiwa. Tukakaa kikao chini ya mwembe tukakubaliana: tutembee mpaka ofisi ya wilaya, kama kilomita tatu, akina mama mbele, na mabango ya karatasi za manila. Hakukuwa na chama cha siasa pale. Watu wakanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua kuandika."

Niliipeleka barua kituoni siku tatu kabla. Askari wa kaunta aliisoma yote, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akauliza:

"Mwalimu, kibali kiko wapi?"

"Afande, hii ndiyo taarifa yenyewe. Sheria inasema tutoe taarifa."

"Sawa. Taarifa ya kuomba kibali."

Hakuwa mkali. Alikuwa kijana mstaarabu, akaniita mwalimu muda wote. Aligonga muhuri kwenye nakala yangu, kisha akachukua daftari jingine na kuandika namba yangu ya simu, kabila langu, shule ninayofundisha, jina la mkuu wa shule na nyumba ninayoishi. Nilipouliza ya nini yote hayo, alinyoosha kidole kwenye saini yangu.

Simu ilipigwa saa mbili usiku, mkesha wa siku yenyewe. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mkubwa zaidi. Kuna taarifa za kiintelijensia, alisema, kwamba wapo wanaotaka kutumia matembezi yetu kuvuruga amani, kwa hiyo hayatafanyika. Kisha akaongeza maneno ambayo ningeweza kuyaandika hata nikiamshwa usingizini: "Na wewe ndiye uliyesaini, mwalimu. Lolote litakalotokea kesho ni lako."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka saa sita usiku nikiwaambia watu wasije. Sikuwafikia wote. Asubuhi walikuwepo kama thelathini chini ya mwembe, wengi wao akina mama, baadhi wakiwa na watoto mgongoni. Nilikuwa nawaeleza warudi nyumbani zilipofika difenda mbili za polisi. Sikusikia ilani yoyote. Bomu la machozi la kwanza lilitua karibu na karai la mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi, mafuta yakamwagika kwenye moto, na kilichofuata ni mayowe na moshi wa aina mbili. Mimi nililala rumande hadi jioni ya siku iliyofuata, nikaandika maelezo, nikaachiwa bila kushtakiwa. Yule mama aliungua mkono. Malori yaliendelea kupita kwa miaka minne zaidi.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu kila ninaposikia kwenye redio "polisi wametawanya maandamano yaliyofanyika bila kibali", najua msikilizaji anaona picha ya watu waliokaidi sheria. Neno lenyewe limeshahukumu. Ukishasema "bila kibali", anayepigwa amekwisha kuwa na hatia, na kinachobaki ni kujadili kama alipigwa sana au kidogo.

Lakini sheria yetu ya Tanzania haina kibali. Kilikuwepo, tukakirithi kutoka kwa mkoloni, ambaye mwaka 1957 alimzuia Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara, na uhuru haukukiondoa. Aliyekipeleka mahakamani ni Mchungaji Christopher Mtikila, mwaka 1993, katika kesi hiyohiyo inayokumbukwa zaidi kwa suala la mgombea binafsi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua kwamba kumlazimisha raia aombe kibali ili akutane na wenzake ni kuupora uhuru ambao Katiba imekwisha kumpa. Raia anaarifu, polisi wanajipanga. Mtikila alikuwa mtu wa maneno makali, na mengi aliyoyasema majukwaani siyakubali hata leo, lakini kwa hili tunadaiwa naye shukrani. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na sidhani kama wengi waliomzika walikuwa wakikumbuka kwamba alitutoa kwenye kibali.

Sheria ikabadilishwa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi sasa kinasema anayetaka kuitisha mkusanyiko au maandamano atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo hilo si chini ya saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Akishafanya hivyo anaweza kuendelea, isipokuwa na mpaka atakapopata amri ya kumzuia. Na ofisa anaweza kuzuia pale anaporidhika kwamba amani itavunjika au usalama wa umma utaharibika.

Tazama mlango uliobaki wazi. Jaji alikifukuza kibali kupitia mlango wa mbele, kikarudi kwa nyuma kikiwa kimevaa nguo ya "isipokuwa". Ofisa haruhusu, lakini anaweza kutokataza, na kwa raia aliyesimama kaunta hiyo ni ruhusa. Mimi nina saa 48 za kutimiza. Yeye hana hata moja. Amri yake inaweza kufika saa mbili usiku kwa simu. Ukiona umeonewa, sheria inakupeleka kwa Waziri, na neno lake ndilo la mwisho. Kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ningempata Waziri gani? Na ukitoka baada ya amri hiyo, vifungu vinavyofuata vinasema watu watatu tu wanaokaidi wanatosha kuitwa mkusanyiko usio halali. Watatu ni mimi, mke wangu na jirani.

Kwa hiyo askari wa kaunta, aliposema "taarifa ya kuomba kibali", hakuwa mjinga wa sheria. Alikuwa akinieleza kwa maneno manne jinsi inavyofanya kazi kweli.

Tarehe 16 Februari 2018 ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni. Wafuasi wa Chadema, chama cha upinzani, walikuwa wakielekea ofisi ya msimamizi wa uchaguzi kudai hati za viapo za mawakala wao. Polisi wakawazuia kwa mabomu ya machozi na risasi za moto. Ndani ya daladala, pale Mkwajuni, alikuwemo mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Akwilina Akwilini, mwenyeji wa Rombo. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Risasi ilimkuta kwenye kiti chake.

Nilikuwa naishi Dar wakati huo, na njia ile ya daladala niliipanda kila wiki. Kwa siku nyingi nilikuwa nikikaa dirishani nahama. Kilichonikaa zaidi moyoni, hata hivyo, ni kilichofuata baadaye. Mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka alilifunga jalada la askari waliokuwa wakichunguzwa. Waliopandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu ni viongozi wa Chadema, mwenyekiti wa wakati huo Freeman Mbowe na wenzake, na Machi 2020 walihukumiwa faini ambayo jumla yake ilifika shilingi milioni 350. Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo Juni 2021. Mpaka leo hakuna mahakama iliyomtia hatiani mtu yeyote kwa risasi iliyoingia kwenye ile daladala. Lolote litakalotokea ni lako, uliyesaini.

Niwe mkweli kwamba nimeiona sheria hiyohiyo ikifanya kazi vizuri. Tarehe 24 Januari 2024 Chadema waliandamana Dar es Salaam wakipinga miswada ya sheria za uchaguzi, kundi moja likitokea Mbezi na jingine Buguruni, kwenda ofisi za Umoja wa Mataifa. Nilisimama kando ya barabara. Polisi walikuwa mbele wakifungua njia na nyuma wakifunga, kama wanavyosindikiza mbio. Askari mmoja wa usalama barabarani alikuwa amesimamisha magari kwa mkono, na mwandamanaji mzee akampa chupa ya maji, akaipokea. Walifika, walizungumza, wakarudi makwao. Sikuona kioo kilichovunjika.

Miezi minane baadaye, Septemba 2024, chama hichohicho kiliarifu maandamano katika jiji hilohilo, safari hii kulalamikia utekaji na mauaji, baada ya kada wao Ali Kibao kuchukuliwa kutoka kwenye basi na mwili wake kukutwa siku iliyofuata. Yakapigwa marufuku. Asubuhi ya tarehe 23 askari walikuwa kila kona, magari ya maji ya kuwasha yamepangwa barabarani. Mbowe alikamatwa Magomeni, makamu wake Tundu Lissu alichukuliwa nyumbani kwake. Sheria haikuwa imebadilika hata nukta kati ya Januari na Septemba. Miguu ya watu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni alichoridhika nacho mtu mmoja ofisini, na hakuwajibika kumwonyesha yeyote kilichomridhisha.

Nina mjomba aliyestaafu FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Ni mtu mpole, anafuga kuku wa kienyeji, na kwa miaka mingi hatukuwahi kuzungumzia kazi yake. Mwaka juzi nilimtembelea, nikamsalimia, tukala, kisha nikamtolea ile nakala ya barua. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, kama wanavyosoma wazee.

"Mpwa wangu," akasema, "miaka yote niliyofanya kazi, barua kama hii sijawahi kuiona. Ndiyo leo."

Nikamuuliza, basi mlikuwa mnaambiwa nini?

"Tunaamshwa saa tisa usiku. Chai ya rangi na mkate. Unavaa kofia ngumu, unachukua ngao, mnapanda karandinga, mnapelekwa sehemu. Mkubwa anasema: wasipite hapa. Basi. Mnakaa juani. Saa nne, saa sita, maji yameisha. Kwa mbali unasikia nyimbo. Huwajui ni kina nani, hujui wanataka nini. Umeambiwa wasipite. Hakuna aliyekuambia wakipita ufanye nini, na hakuna aliyekuambia kama ni wabaya au ni watu tu. Wakishafika hatua hamsini, hapo ndipo mtu anaanza kuogopa. Na mtu mwenye bunduki akiogopa..." Hakumaliza. Aliniuliza kama yule mama wa maandazi alipona mkono.

Nimelifikiria jibu lake kuliko vitabu vyote nilivyosoma juu ya jambo hili. Barua yangu ilisema tuko wangapi, tunapita wapi, tunataka nini, na kwamba mbele watakuwa akina mama. Hayo ndiyo hasa ambayo askari wa barabarani alihitaji kuyajua ili asiogope. Taarifa iliwekwa kwenye sheria kwa ajili hiyo: polisi wapange njia, wasimamishe magari, waite gari la wagonjwa, wawatenganishe wanaokinzana. Lakini karatasi iliishia kwenye ofisi ya anayekataza. Haikumfikia mtu mwenye kofia ngumu juani. Kwake yeye tulikuwa kelele zinazokaribia.

Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ililieleza hili mwaka 2020, katika Maelezo ya Jumla namba 37: kutotoa taarifa, pekee yake, hakuyafanyi maandamano ya amani kuwa haramu, na si sababu ya kuyatawanya wala ya kuwakamata watu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kusema mambo yanayofanana na hayo katika miongozo yake ya mwaka 2017. Hata kanuni za Havana za mwaka 1990, zinazohusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zinawataka polisi wanapokuta mkusanyiko ulio kinyume cha sheria lakini hauna fujo waepuke nguvu, na pasipowezekana watumie ile ndogo kabisa inayohitajika. Maana yake, hata ningekuwa sikupeleka barua kabisa, lile bomu halikuwa na haki ya kutua pale. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976. Hatujalazimishwa na mtu.

Sasa vijana wamelijibu swali la saini kwa namna yao. Hawasaini.

Tuliona Kenya kwanza. Huko nako kibali kilifutwa, mwaka 1997, sheria ya utulivu wa umma ikabaki na notisi ya siku tatu, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 37 ikampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha bila kiongozi, bila chama, bila mtu wa kupeleka notisi. Rex Masai alipigwa risasi Nairobi tarehe 20, na siku tano baadaye wengine wakaangushwa karibu na Bunge. Tarehe 17 Julai, Kaimu Inspekta Jenerali Douglas Kanja alipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba hayana uongozi wa kushirikiana nao kiusalama. Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo siku iliyofuata.

Kisha ikafika kwetu. Ya tarehe 29 Oktoba 2025 kila anayesoma hapa anayajua, na wengi mna msiba ndani ya nyumba. Siku ya uchaguzi vijana walitoka, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotembea usiku, na watu wakapigwa risasi. Idadi bado inabishaniwa. Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Siwezi kuandika zaidi juu ya siku zile kwa sasa. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani ambaye mama yake bado anamtafuta, na siwezi kumfanya kuwa mfano katika makala.

Lakini nataka kusema jambo moja kuhusu Desemba. Yalipotangazwa mitandaoni maandamano ya tarehe 9, siku ya Uhuru, jeshi la polisi lilitoa tamko la kuyapiga marufuku, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hii: hakuna mtu yeyote aliyewasilisha taarifa ya maandishi kama sheria inavyotaka. Siku ile barabara zilikuwa tupu, askari na magari ya deraya kila mahali, tukakaa ndani. Nililisoma tamko lile mara tatu. Ni kweli, hakuna aliyewasilisha. Na mimi, niliyewahi kuwasilisha, nilikuwa najua ni kwa nini. Ukimkamata kila aliyesaini, ukamwandikia namba ya simu na jina la mkuu wake wa kazi, ukamwambia lolote litakalotokea ni lake, miaka inapita, kisha siku moja barua haziji tena. Huwezi kuuliza kwa mshangao mwenye saini yuko wapi. Alikuwa kaunta kwako mwaka 2013, na nina muhuri wako unaothibitisha.

Naamini kabisa katika taarifa. Nawaambia vijana hivyo, na wananiona nimepitwa na wakati. Barabara ni ya wote. Kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali, kuna mama anayewahi soko, na jiji zima halipaswi kushtukizwa. Ila taarifa ni neno la watu wanaoaminiana japo kidogo. Ningependa ofisa anayezuia alazimike kuandika sababu yake na yeye asaini, jina na cheo, si chini ya saa 24 kabla, na hakimu wa karibu aweze kuipitia siku hiyohiyo. Ningependa nakala ya barua isomwe kwa sauti kwenye karandinga kabla halijaondoka kambini. Haya hayahitaji Katiba mpya. Sheria ya kurasa chache ingetosha.

Januari alikuja kijana wa jirani, fundi wa simu, nyumbani kwangu. Mtaa wanaokaa wamekosa maji kwa wiki saba na wanataka kwenda kwa miguu mpaka ofisi za maji. Amesikia kwamba niliwahi kuandika barua. Nikalifungua faili la bluu, nikampa aione. Aliisoma polepole, akaniuliza maana ya "madhumuni", akaniuliza kama saa 48 zinahesabiwa na Jumapili. Kisha akaomba aipige picha awatumie wenzake kwenye kundi, waone inavyoandikwa.

Alipiga. Akaitazama kwenye kioo cha simu, akanitazama mimi. Kabla ya kuituma, kwa kidole gumba aliivuta picha na kuikata pale chini, penye jina langu.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Hii sehemu hatuitumi."